Neno Lililozuiliwa Bandarini

Tone la kwanza la maji lililia ndani ya ndoo tupu, nikajua haijafika saa kumi na moja alfajiri. Katika nchi yetu maji hayaji mchana. Serikali ilishaeleza kwamba mchana yanapumzika. Basi mimi huacha ndoo chini ya bomba la jikoni, na likidondoka lile la kwanza naamka, kwa sababu ndani ya nyumba yangu hakuna kingine cha kuniamsha.

Jina la nchi yetu sitalitaja. Sijakatazwa, ila lilipelekwa kufanyiwa matengenezo mwaka juzi na mpaka leo halijarudi. Mimi naitwa Nakijwa, mjane wa Kiangi. Nina wajukuu wanne ambao wote wako mbali na wanakulia ndani ya simu.

Marehemu Kiangi aliniachia pikapu ya kijani, na kabla hajafa alinifundisha kuiendesha. Mlima mzima hauna gari jingine. Kwa hiyo mlango wangu uligongwa kuliko milango yote: mama mwenye uchungu wa kuzaa, mgonjwa wa kupelekwa zahanati, maiti ya kurudishwa nyumbani, magunia ya tangawizi ya kushushwa barabara kuu. Watu waliingia, wakanywa chai wakati nikitafuta viatu, wakaniambia habari za kwao. Nilidhani wananipenda. Bado nadhani hivyo, ila sasa najua pia kwamba gari lilisaidia.

Asubuhi hiyo nilijaza ndoo, nikafunika, nikapasha injini, nikashuka na magunia matatu ya majirani yaliyokuwa yamelala garini tangu Alhamisi. Ukungu ulikuwa mzito. Kwenye kona ya kwanza alisimama mwanamume wa makamo, koti limefungwa mpaka shingoni. Akainua mkono. Mlimani kwetu anayeinua mkono anapakiwa. Akapanda, akafunga mlango taratibu baada ya kuona ni mkuukuu. Wengi huubamiza.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, baba. Habari za utokako?"

"Njema, Mama. Ukungu tu."

"Ukungu ni wa Mungu."

Tukaenda mpaka kona ya pili. Hapo akakohoa, akafungua kifungo kimoja cha koti.

"Mama, naomba radhi sana. Nina panga hapa. Ningependa tusifike mahali pa kulitoa."

Nikakanyaga breki. "Unataka gari?"

"Ndiyo, Mama."

"Lina tangawizi ya watu."

Akafikiri. Kisha akashuka, akateremsha magunia yote matatu, akayaweka juu ya majani makavu yasipate unyevu. Akaja upande wangu, akanishika mkono, akanishusha. Akanipa fimbo, kikapu na chupa ya chai. Alitafuta jiwe la kunikalisha, akaona lina umande, akalifuta kwa mkono wa koti lake.

"Gia ya tatu ina ukaidi," nikamwambia. "Usiilazimishe. Ivute kama unavyomvuta mbuzi aliyegoma."

"Asante, Mama."

"Na uende polepole."

Akaenda polepole. Mpaka anamezwa na ukungu alikuwa bado anaenda polepole. Nikamimina chai, nikanywa, nikalia kidogo, kisha nikaanza kutembea kwenda polisi.

*

Koplo wa kituo chetu anaitwa Mbonea. Aliponiona alisimama, akanipa kiti chake, yeye akakalia ndoo iliyopinduliwa.

"Pole, Bibi. Umeibiwa gari?"

"Nimenyang'anywa, mjukuu wangu. Nilikuwa ndani yake."

Kalamu yake ikasimama. "Ndani? Na alikuwa na silaha?"

"Panga. Halikutoka kwenye koti."

Koplo Mbonea akaenda kufunga mlango, akarudi akanong'ona. "Bibi, jambo hilo lina neno lake. La Kiingereza. Linaitwa karijakingi."

"Basi liandike."

"Siwezi. Bado liko bandarini."

Akanieleza, na mimi nawaeleza wageni ambao labda hawajui sheria zetu. Neno lolote la kigeni linaloingia nchini hupita bandarini, likakaguliwa na Wizara ya Maneno, likapigwa muhuri, ndipo raia wanaruhusiwa kulitumia. Breki na gia zilipita zamani. Karijakingi lilikamatwa miaka mitatu iliyopita ndani ya sanduku la kamusi, likafungiwa ghala namba tisa. Tangu hapo, kila sikukuu ya taifa, Rais wetu, Baba wa Utulivu, hutangaza: "Nchi isiyo na neno haina jambo!" Nasi tunapiga makofi. Na ni kweli. Kwa miaka mitatu hakuna gari hata moja lililofanyiwa karijakingi hapa nchini. Yapo magari mengi yasiyoonekana, lakini hayo ni mambo ya macho.

"Andika basi wizi wa gari," nikasema.

"Wizi wa gari ni pale mwenyewe hayupo, Bibi. Wewe ulikuwepo. Ungeshuka kwanza ukaenda hata nyuma ya kichaka, ningekuandika vizuri kabisa."

Kitabu chake kilikuwa na safu nne: Kuku, Mbuzi, Matusi na Mengineyo. Mengineyo ilikuwa imejaa tangu masika.

Alisikitika kweli. Alikuwa na kiazi kimoja cha kuchemsha kwa ajili ya mchana wake, akakikata katikati, akanipa nusu iliyo kubwa. Naliandika hapa jambo hilo kwa sababu kwenye kitabu chake halikuwa na safu.

*

Malalamiko yangu yalipanda ngazi, na baada ya wiki mbili akaja nyumbani kwangu Dakta Sangiwa, Mkurugenzi wa Maana na Matumizi katika Wizara ya Maneno. Alikuja na mtu wa kumbebea miwani. Hakukubali kukaa. Alisimama sebuleni akahutubia viti.

"Mama mzazi, neno hilo, ambalo kisheria silitamki, maana yake ni kumpokonya mtu chombo cha moto, yeye akiwemo, kwa nguvu au kwa vitisho. Matumizi yake yanahitaji uangalifu mkubwa! Gari likichukuliwa uani, silo. Likichukuliwa na mwanao bila kuaga, silo. Sasa nakuuliza. Je, ulitishwa?"

"Aliniambia ana panga."

"Kwa sauti gani?"

"Ya kuomba radhi."

Dakta Sangiwa akamtazama mbeba miwani, wote wawili wakatikisa kichwa.

"Na kabla ya hapo alikwambia nini?"

"Alinisalimia. Shikamoo."

"Ukaitikia?"

"Sasa nisiitikie nina nini?"

Hapo uso wake ukang'aa. Akavaa miwani, akasoma Kifungu cha Kumi na Nne cha Sheria ya Salamu: kwamba mtu mzima akiitikia marahaba, amempokea aliyemwamkia kama mwanawe, na hali hiyo itadumu mpaka atakapoirudisha marahaba hiyo kwa maandishi mbele ya ofisa. Na mtoto akichukua gari la mama yake, huo si wizi. Ni malezi.

"Isitoshe," akasema, "ulimfundisha gia, ukamtakia safari njema. Mama, ulimwazima mwanao gari. Hongera kwa moyo wa uzazi."

Akaandika *imekwisha*, akaondoka. Mbeba miwani ndiye aliyerudi mbio kufunga geti, mbuzi wasiingie. Nilimshukuru.

*

Baada ya hapo pakawa kimya.

Sitaki mtu adhani majirani zangu ni wabaya. Mtu hagongi mlango kuomba gari ambalo halipo, na ukizoea kwenda mahali kwa shida, siku huna shida hujui uende na sura gani. Mama wa nyumba ya chini alijifungua, nikasikia baada ya siku tisa. Walimshusha kwa machela. Zamani ningesikia tangu uchungu wa kwanza.

Buibui alitanda utando kwenye komeo la geti langu. Nikawa napita asubuhi kuutazama. Haukukatwa wiki ya kwanza, wala ya pili, wala ya tatu. Ulipendeza sana, na mimi nilipotaka kutoka nilipitia kwenye pengo la uzio, nisiuharibu. Nilianza kumwitikia msomaji wa habari wa redio. Alikuwa akisema "Hamjambo," nami namwambia sijambo, namuuliza na yeye kifua chake kimepona, maana siku iliyotangulia alikohoa.

Binti yangu alipiga simu. "Mama, unakula?"

"Nakula."

"Unaongea na nani?"

"Watu wanapita," nikasema. Ulikuwa uongo wa kwanza kumwambia tangu alipoota meno.

*

Halafu ukaja Umoja wa Nchi Zenye Huruma.

Umoja huo ulitangaza kwamba utaipa kila nchi inayoteseka kwa karijakingi magari arobaini mapya ya doria. Jirani zetu wa kaskazini walipeleka visa mia sita, wakapewa. Jirani zetu wa kusini, nchi ndogo kama kiganja, walipeleka mia mbili. Sisi tulikuwa hatuna hata kimoja. Baba wa Utulivu alilia redioni. "Tumekosa nini," alisema, "hata tusionewe kama wenzetu?"

Neno likatolewa ghala namba tisa siku hiyohiyo. Liliandikwa kwenye kadi, kadi ikawekwa ndani ya sanduku la kioo, likapandishwa gari la wazi na kupita mjini kwa tarumbeta. Mawaziri waliligusa kwa zamu. Ndipo mmoja akauliza kama kuna mtu yeyote aliyewahi kufanyiwa jambo lenyewe, na wakanikumbuka mimi.

Magari sita yalipanda mlima. Walifungua geti, na utando wa buibui ukakatika.

"Mama yetu!" akasema Dakta Sangiwa, na safari hii alikaa, tena kwenye kiti chenye mguu mbovu, asinisumbue kutoa kingine. "Taifa linakuhitaji. Ulitishwa, Mama. Tumelisoma upya lile panga, ni la kutisha sana. Kimebaki kikwazo kimoja kidogo. Ile marahaba. Ukiirudisha tu, hapo penye mstari, kisa kimetimia."

"Na gari langu?"

"Gari tumelipata! Na mwizi tumempata. Anaitwa Seuri. Alitumbukia shambani kwa mtu, gia ya tatu ilimshinda. Ukitia sahihi, gari linarudi kesho yake, limepakwa rangi."

Nikaikamata kalamu. Nasema kweli, niliikamata. Niliona geti langu likigongwa, sebule ina watu, buli limejaa.

"Na huyo Seuri?"

"Neno lina adhabu yake, Mama. Miaka thelathini."

Kalamu nikaiweka mezani. "Niacheni nifikirie kidogo," nikasema. "Njooni kesho."

*

Wakaja kesho. Wakaja na keshokutwa. Nilijua jibu langu tangu siku ile ya kwanza, na hilo naliungama hapa kwa aibu. Lakini walikuwa wanakuja! Dakta Sangiwa alileta mkate na sukari. Mbeba miwani, ambaye kumbe jina lake ni Mrutu, alinipasulia kuni bila kuambiwa. Walinifanyisha mazoezi ya ushuhuda. Koplo Mbonea aliigiza mwizi, maskini, kwa mwiko badala ya panga.

"Toka garini, we bibi!" anasema, kisha ananigeukia. "Samahani, Bibi."

"Usiombe samahani!" Dakta anafoka. "Mwizi haombi samahani!"

"Wa kwangu aliomba," nasema mimi.

"Mama, tetemeka kidogo. Hapo kwenye mikono."

Natetemeka, wanapiga makofi, namimina chai. Kila jioni wananiuliza kama nimeamua, kila jioni nasema bado kidogo. Kwa siku kumi na moja nyumba yangu ilikuwa na sauti. Na siku zote hizo, kule bondeni, mwanamume mmoja amekaa mahabusu akisubiri bibi mmoja amalize kufurahia wageni wake. Siku ya kumi na moja nilipofikiri hivyo, nikakiweka kikombe chini.

"Leteni hiyo siku yenu ya ushuhuda," nikasema. "Nimeamua."

*

Sherehe ya Kurudisha Marahaba ilifanyika uwanja wa shule. Palikuwa na hema, mgeni mama mmoja wa Umoja mwenye uso mwema uliochoka, magari arobaini kwenye picha kubwa ya turubai, na Seuri amesimama katikati ya askari wawili. Aliponiona akainamisha kichwa. Koti lake lilikuwa limekosa vifungo vyote, nadhani ni ushahidi.

Dakta Sangiwa akanikabidhi kipaza sauti.

"Mwananchi Nakijwa! Mbele ya taifa na wafadhili, je, unairudisha marahaba uliyompa mtu huyu?"

Nikawaona majirani zangu wote nyuma ya kamba. Wengine sikuwa nimewaona tangu gari liende.

"Huyu mtu aliniibia," nikasema. "Alikuwa na panga na mimi niliogopa. Miguu ilikufa ganzi. Liandikeni hilo."

Dakta akatabasamu, akaashiria tarumbeta.

"Ngoja kwanza, baba. Na huyu mtu alinisalimia. Siku hiyo ilikuwa Jumatatu, na tangu Alhamisi hakuna aliyeniamkia, maana kulikuwa na mvua na hakuna aliyehitaji gari. Alinifutia jiwe. Tangawizi ya watu aliiweka pakavu. Liandikeni na hilo. Yote mawili yalitokea siku moja, kwa mtu mmoja."

"Mama," Dakta akanong'ona, jasho linamtoka, "fomu ina kisanduku kimoja."

"Ongezeni."

"Hakiongezeki! Unairudisha au huirudishi?"

"Marahaba ikishatoka ni ya aliyesalimia. Nitarudishaje kitu cha mtu? Siirudishi. Lakini gari langu nalitaka."

Mgeni wa Umoja akatafsiriwa. Tafsiri ilichukua muda mrefu, na ilipokwisha alivua miwani, akanitazama, akaja kunishika mkono kwa mikono yake yote miwili. Kisha akafunga jalada lake. Magari yetu arobaini walipewa jirani zetu wa kusini, ambao walikuwa wamegundua visa vingine sitini.

*

Neno lilirudishwa ghala namba tisa, bila tarumbeta. Wageni wangu hawakurudi. Dakta Sangiwa alimtuma mtu kuchukua sukari iliyobaki. Lakini Mrutu alipita usiku wa siku hiyo dirishani, akaniachia pakiti ya chumvi, akisema ndiyo aliyoweza.

Gari langu liko uani kwa polisi mpaka leo. Haliwezi kuachiliwa kwa sababu ni kielelezo cha kosa ambalo halikutokea. Kuku wa kituo wanataga kwenye kiti cha abiria, na Koplo Mbonea hunitunzia mayai.

Na Seuri naye hajaachiliwa. Kosa hana, kila mtu anakubali hana. Ila fomu ya kumwachilia mtu inataka jina la kosa ambalo hakulitenda, na jina hilo liko bandarini.

Nilikaa wiki tatu na ukimya wangu. Jumatano moja nikajaza chupa ya chai, nikachemsha mayai manne, nikachukua fimbo. Bondeni ni mwendo wa saa tatu. Langoni mwa mahabusu askari wa kike alisema wanaoruhusiwa kuona watu ni ndugu tu.

"Wewe ni nani wake?"

Nikamtajia Kifungu cha Kumi na Nne. Akafungua kitabu kikubwa, akasoma kwa kidole, akaandika *mama*. Alininyanyulia kamba nipite chini yake, nisiiname sana.

Seuri aliletwa nyuma ya wavu wa chuma. Amekonda. Alinitazama, akatazama nyuma yangu kama kuna mtu mwingine niliyemjia.

"Umekuja kwa miguu, Mama?"

"Ulitaka nije na gari?"

Akafunika uso kwa viganja. Mabega yakacheka, kisha yakawa hayacheki. Nikampitishia yai moja moja kwenye tundu la wavu, yalipita kwa shida, moja likapasuka. Alikula polepole. Akanieleza kwamba mama yake alifariki yeye akiwa kizuizini mara ya kwanza, mambo ya ng'ombe, na kwamba anajua kushona viatu. Nilimwambia kuhusu mama wa nyumba ya chini na mtoto wake, ambaye sasa nimeshamwona.

"Kwa gari sijakusamehe," nikamwambia.

"Najua, Mama."

"Nikikusamehe nitakwambia."

"Haya, Mama."

Kengele ikapigwa. Nikatafuta fimbo yangu. Alisimama, vidole vimeshika wavu, akafungua mdomo, akafumba.

"Sema, baba. Njia ni ndefu na mimi si mwepesi."

"Jumatano huwa wanaita majina," akasema. "Kila mwenye mgeni anaitwa. Mimi ni mara ya kwanza kuitwa." Akafuta pua kwa mkono wa koti. "Mvua isipokuwa kubwa, Mama, Jumatano ijayo… utakuja tena?"